Chawanmushi kwa Mghosi Thadeus

Voi, 6 Juni 2023

Mghosi Thadeus,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe sasa huna sauti, na mimi kukupigia simu kisha nikae nasikiliza unavyopumua, wallahi siwezi. Meseji nazo herufi zake ni ndogo kama chenga za mchele. Basi turudi kwenye karatasi kama watu wa zamani, tena tumeshakuwa watu wa zamani; mghosi kwenu Wataita si ndiyo mzee?

Umri wote tumekaa duka moja, wewe na mimi, tukitengeneza redio za watu wa Voi, na sikumbuki siku uliyonyamaza. Wateja walikuwa wakisikia sauti yako barazani wakidhani redio yao imepona. Sasa daktari amekutoa sauti akakuachia uhai, nawe unaususia. Shemeji Elsie ameniambia uji unakukwama, ndizi za kuponda zinakukwama, na mpira wa kulishia umeukataa mbele ya madaktari. Thade, mtu hafi kwa kukosa sauti. Hufa kwa kutokula. Nataka ule, na sitakupa raha mpaka ule.

Sikiliza. Huku mtaani, nyuma ya duka la vipuri, kuna mama mmoja anaitwa Mwanaesha amefungua jiko. Hakuna kiti wala meza. Kuna dirisha lenye wavu tu. Unaagiza, unasimama juani, unapewa mfuko wako, unakwenda zako. Alipikia nyumba ya mhandisi wa Kijapani kule Mombasa miaka mingi, na mhandisi aliporudi kwao, yeye akarudi Voi na mapishi yake kichwani. Vijana wanapanga foleni kwa ajili ya kuku wake wa kukaanga. Mimi nilimuuliza swali moja: Mjapani akishindwa kumeza, wao humlisha nini? Akaniambia, chawanmushi.

Akanipa bakuli dogo la udongo lenye kifuniko. Kufunua, naona kitu cha manjano laini kinatikisika. Nikasema moyoni, hii ni kastadi, nikajiandaa kwa utamu. Nikatia kijiko kinywani palepale dirishani. Chumvi! Mayai yenye harufu ya samaki! Nilitafuta pa kutemea, lakini Mwanaesha alikuwa ananitazama, nikaona haya. Kijiko cha pili kiliteremka chenyewe bila kuniomba ruhusa, na hapo ndipo nikakukumbuka. Si chakula cha kutafuna hiki. Mayai hupigwa, yakachanganywa na supu ya dagaa iliyochujwa mpaka ikang'aa, yakapikwa kwa mvuke, kwa moto mdogo wenye haya. Nimemwambia asitie kuku, atie uyoga tu.

Crispus, yule dereva wa matatu, anapanda huko kwako Wundanyi kesho na gari lake. Nimempa bakuli mbili ndani ya hotpoti. Bakuli ni za Mwanaesha, zirudi. Mimi mwenyewe nitapanda baada ya Idi, nikuone.

Wako Harith,
Baba Miraj


Wundanyi, 9 Juni 2023

Baba Miraj,

Crispus alifika hotpoti ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria aliyelipa. Hata mimi hajawahi kunibeba kwa heshima hiyo.

Nimekula. Ulisema chumvi, lakini wewe ulimi wako uliharibika na pilipili za kwenu. Mwanzo ni kama hakuna kitu kinywani, ni uvuguvugu tu. Halafu ladha ya supu inakuja polepole, ya mbali, kama jirani anapika dagaa na upepo umegeuka. Ukiisukuma kwa ulimi inavunjika bila kelele. Chini kabisa kuna uyoga, umekatwa mwembamba kama ukucha, na huo ndio wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Nilimaliza bakuli zote mbili. Elsie ni shahidi, alikuwa ameketi hapa kitandani pangu mpaka mwisho.

Usipande sasa. Huku juu ukungu hautoki mpaka saa sita, na kifua chako nakijua. Tena uso wangu bado haujarudi mahali pake. Ngoja nipate nyama kidogo mashavuni, usije ukanikosa ukamwamkia mtu mwingine.

Bakuli zinarudi, na si tupu. Mama Miraj, Mungu amrehemu, alimfundisha Elsie tangu tulipokuwa majirani hapo Voi kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Moja lina njegere za shambani, la pili lina mapera. Mpe Mwanaesha nusu.

Thadeus


Voi, 20 Juni 2023

Mghosi wangu,

Barua yako nimeisoma mbele ya duka nimesimama, na nilipofika hapo pa "bakuli zote mbili" machozi yalinitoka, muuza viazi akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyekula.

Njegere nimezipika na nazi. Mapera nimeyala yote, sikumpa mtu nusu. Nisamehe.

Tangu siku ile nalala vizuri. Nilikuwa nikifumba macho naona kijiko kinarudi kimejaa. Unajua ninachosema. Sasa naona bakuli tupu, nalala.

Za leo zina vishimo vishimo, usishangae. Mwanaesha amenunua jiko jipya la gesi na moto wake ni mkali, bado hajauzoea. Anakuomba radhi. Ladha ni ileile, au inajaribu kuwa ileile. Kula, usikague. Na habari za kungojea unenepe sizitaki. Idi ikipita nakuja, uwe na mashavu usiwe nayo.

Baba Miraj


Wundanyi, 4 Julai 2023

Harith,

Idi njema iliyopita. Nisamehe mwandiko, mkono umekuwa mvivu.

Chawanmushi ya safari hii, ndugu yangu, nitakueleza kweli. Ina vishimo kama sifongo. Maji yamejitenga pembeni. Chumvi imezidi, uyoga umekatwa vipande vya kujengea nyumba, na ndani kulikuwa na kipande cha ganda la yai. Ni tamu kuliko zile za kwanza. Siongezi chumvi. Mwambie Mwanaesha nimesema asiubadilishe mkono huo, aendelee hivyo hivyo. Na mwambie aliyezoea kazi nyingine akiingia kwenye gesi huungua vidole, apake asali.

Naomba usije bado. Si kwamba sitaki kukuona. Nipe mwezi huu. Nikipona sawasawa nitashuka mimi, nikukute hapo barazani, nikae kwenye kiti changu. Wewe endelea kuleta, mimi naendelea kula.

Ndani ya bakuli kuna maharagwe na matunda damu mawili.

Thade


Voi, 20 Julai 2023

Bwana Thadeus,

Crispus amenirudishia leo bakuli mbili nilizokuletea wiki iliyopita. Nimefunua la kwanza, tupu. Nimefunua la pili, tupu. Nimeinua hotpoti nikatazama chini yake kama mtoto. Hakuna punje ya njegere, hakuna jani, hakuna karatasi yenye neno moja.

Nilimwuliza Crispus nani amempa. Akasema ni msichana fulani kwenye steji, hata salamu hakumpa.

Mimi na wewe hatuna haja ya kufundishana maana ya chombo kitupu. Wake zetu walirudishiana sahani ukuta kwa ukuta miaka yote ile, na hata mwaka wa ukame shemeji Elsie alirudisha sahani na kitunguu kimoja. Kitunguu kimoja, Thadeus! Sasa wewe, mlimani, kwenye mvua, umekosa hata kitunguu?

Umenizuia kuja Juni. Umenizuia Julai. Leo bakuli tupu. Akufukuzaye hakwambii toka. Kama mayai yangu yamekuchosha ungeandika tu kwamba yamekuchosha, mimi si mke wa mtu nikaweka kinyongo. Lakini naweka. Nimempigia shemeji simu, ananiambia, "Anaendelea vizuri, shemeji," halafu anakata upesi kana kwamba nimempigia kudai deni.

Basi nimeelewa. Sitaleta kitu tena mpaka uniambie mwenyewe nimekukosea nini.

Harith Salim


Wundanyi, 14 Agosti 2023

Shemeji Harith,

Siku ya mazishi nilikuona umesimama nyuma ya wanakwaya, peke yako, na watu walikuwa wengi, sikupata nafasi ya kukuambia chochote. Mtu uliyemzika alikuwa ndugu yako kabla hajawa mume wangu. Kwa hiyo naandika sasa, nyumba imetulia, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Thadeus hakula mayai yako. Hakula hata bakuli moja.

Uvimbe wa kooni ulikuwa umerudi tangu Mei. Daktari alituambia sisi wawili tu. Kilichokuwa kikipita ni maji ya mchele, kwa kijiko cha chai, na siku nyingine hata hayo hayakupita. Hotpoti yako ya kwanza ilipofika nilimpa kijiko kimoja kidogo. Alikohoa mpaka nikadhani ananifia mikononi. Alipotulia alichukua ule ubao wa watoto anaoandikia akaandika: "Kula wewe. Uniambie."

Nikakataa. Akagonga ubao kwa kidole. Basi nikaketi kitandani pake nikala mbele ya mume wangu mwenye njaa, na kila kijiko ananiuliza kwa ubao: ni moto au vuguvugu? Inateleza au inavunjika? Uyoga una harufu ya nini? Nilimjibu nikilia, naye aliniandikia nisilie kwa sababu nikilia sitasikia ladha. Zile barua alizokuandikia ni mkono wake, lakini kinywa ni changu. Mayai uliyoleta yalininenepesha mimi, shemeji. Gauni langu la mazishi lilinibana.

Nilimwambia zaidi ya mara moja, mwambie Harith ukweli, aje. Aliandika hivi, na sikulifuta neno lake mpaka siku ya pili: "Alimlisha mama Miraj miezi yote ile, na kila kijiko kilirudi. Sitaki amlishe mtu mwingine anayekufa. Acha aone mimi nakula." Ndiyo maana nilikuwa nakukatia simu. Sikuwa na uwezo wa kukudanganya kwa muda mrefu.

Kuna jambo jingine nataka kukuuliza. Zile bakuli za pili, zenye vishimo, nilipozionja nilimwambia, huu si mkono wa yule mama, huyu mpishi hajui kupika, kuna hata ganda. Thadeus alicheka. Alicheka kwa mabega, maana sauti hana, mpaka machozi yakamtoka, akaandika: "Ni Harith huyo." Ulikuwa wewe?

Kuhusu bakuli tupu. Wiki ile nilikuwa naye hospitali. Nilimwomba Abby, binti wa jirani, afagie nyumba na ampe Crispus hotpoti. Ni mtoto wa siku hizi, akaziosha vizuri sana akazituma. Hakuna aliyekufukuza.

Na barua yako ya hasira ilifika Jumamosi, tukiwa tumerudi nyumbani. Niliisoma jikoni peke yangu. Macho yake yalikuwa hayasomi tena, na kila siku alikuwa ananionyesha mlango kwa kidole, kuuliza kama Crispus ameleta kitu. Nilimdanganya mpaka Alhamisi. Alhamisi jioni nikashindwa. Nikaketi, nikaishika barua yako, nikamsomea. Lakini sikusoma maneno yako. Nilitunga yangu, mwishoni nikatia jina lako. Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Elsie


Voi, 18 Agosti 2023

Shemeji Elsie,

Nimekasirika. Nakuandikia nikiwa na hasira kwa sababu nikisubiri ipoe sitaandika kabisa.

Mmeninyima. Wewe na yeye mmekaa huko juu mkaamua kwamba mimi ni yai, nitavunjika. Mimi nilimlisha mke wangu miezi yote ile, na kila kijiko kilirudi, kweli, lakini nilikuwepo! Hakuna siku nimejuta kuwepo. Thadeus alidhani alinipunguzia mzigo. Alininyima kiti cha kukaa kando ya kitanda chake, na mimi, mjinga, nilikuwa nalala usingizi mnono huku rafiki yangu anakufa njaa. Nikimwona leo ningemtukana kwanza, kisha ndiyo nimkumbatie.

Uliuliza kama ni mimi. Ni mimi. Mwanaesha alipata habari kwamba binti yake amejifungua huko Taveta, akafunga dirisha, akaondoka. Kabla hajaondoka nilimshika pale mlangoni nikamwambia kuna mtu anaishi kwa mayai yako. Akanifundisha kwa haraka, huku anafunga mizigo, akaniachia na bakuli. Unanijua, tangu mama Miraj afariki sijawahi kupika kitu kisichokuwa chai. Niliharibu trei nzima ya mayai. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama raba ya kufutia, ya pili ikawa supu. Niliungua vidole vitatu, na aliponiandikia habari ya asali nilidhani ni bahati tu, nikasema huyu Mtaita anajuaje. Nilificha kwa sababu niliona kama angejua jiko limefungwa angekata tamaa. Kumbe tulikuwa tunadanganyana mlima hadi bonde, kila mtu na uwongo wake.

Hilo la bakuli tupu silisemi. Nikilifikiria, natamani nikate mkono ulioandika ile barua. Namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe, kwamba hakuisikia. Hilo sina haja ya kukusamehe, ni deni langu kwako mpaka nife.

Lakini nina ombi, shemeji, na usininyime hili tena. Mtu wa mwisho kusema na Thadeus kwa jina langu ni wewe. Mimi sijui nilimuaga vipi. Niandikie yale maneno, yote unayoyakumbuka. Nataka kujua nilimwambia nini.

Harith


Wundanyi, 23 Agosti 2023

Shemeji,

Hasira yako ni haki yako, sitajitetea. Pengine tulikosea. Yeye alipenda hivyo, na mimi nilikuwa nimechoka kumnyima vitu.

Maneno sikuyaandika popote, lakini nayakumbuka. Niliinua karatasi yako mbele ya macho ili asione uso wangu, nikasoma hivi:

"Thade, ndugu yangu. Najua huli. Nimejua siku nyingi, maana wewe hujui kudanganya, ulikuwa unashindwa hata kumdanganya mteja kuhusu betri. Sikukasirika. Usijilazimishe tena kwa ajili yangu. Redio za watu zote tumezirudisha, hakuna mteja anayetungoja. Ukichoka, pumzika. Lakini kama unaweza, nisubiri kidogo, nakuja Jumamosi. Nitakaa karibu nawe na nitaongea mimi peke yangu kuanzia asubuhi, nilipize miaka yote uliyonifunika kwa sauti yako."

Hayo tu. Alinifanya nirudie hapo pa Jumamosi. Nikarudia. Akataka tena.

Kisha akagusa mashavu yake akanionyesha wembe. Sikuelewa, akanionyesha tena. Nikachemsha maji nikamnyoa, taratibu, ngozi ilikuwa imebaki juu ya mfupa. Nikamvalisha lile shati jeupe la kwaya. Akaniashiria nimgeuze, alale akitazama mlango. Nilimwambia Jumamosi bado, kesho kutwa. Alitikisa kichwa kwamba anajua, lakini hakutaka kugeuka.

Nilinuia kukupigia asubuhi, nikuombe uje kweli, ili kile nilichosoma kisiwe uwongo. Kulipopambazuka Ijumaa nilitafuta jina lako kwenye simu, nikabonyeza, nikageuka kumwambia kwamba nakupigia. Alikuwa amekwisha kwenda.

Simu ilikuwa tayari inaita mkononi mwangu. Ulikuwa umetukasirikia wiki nzima, shemeji. Ukapokea, na kabla sijafungua mdomo ukaniuliza, "Amekula?"

Elsie